Fumbo Halikamatwi kwa Orodha
Barua ya wazi kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC), Nairobi

Waheshimiwa Makamishna na maafisa wa Tume,

KUH: ORODHA YA MANENO YA CHUKI KUELEKEA UCHAGUZI WA 2027

Ninawaandikia nikiwa mhariri wa Kiswahili na mpiga kura. Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili asiye na wasaa wa kufika mwisho wa barua alikute hapa: tunapoelekea uchaguzi wa Agosti 2027, msituchapishie tena orodha ya maneno yaliyokatazwa. Nguvu mtakayoitumia kuitunga, ielekezeni kwa watu wanaoijua lugha na wanaojua inaposemwa, kisha muyabane makampuni ya mitandao ya kijamii hadi nayo yafanye vivyo hivyo.

Aprili 2022 mlizindua waraka mliouita Hatelex. Ndani yake mlikusanya maneno na misemo ya Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha nyingine za nchi hii, mliyoona yanaweza kuwasha moto kabla ya kura ya mwaka ule. Yalikuwamo madoadoa, mende, wakuja, wabara waende kwao, watajua hawajui, chunga kura, hatupangwingwi na mengineyo. Sababu ya kuhofu mlikuwa nayo. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Tume yenu ni zao la sheria ya 2008 iliyotungwa kutokana na vifo hivyo. Januari 2022, miezi mitatu kabla ya orodha, Mithika Linturi, aliyekuwa seneta wa Meru, alikamatwa baada ya kulitamka neno madoadoa, yaani wasio wa kabila la mahali, mbele ya umati mjini Eldoret. Si mbali na mji huo ndipo kanisa la Kiambaa lilipochomwa moto tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo kujisalimisha. Anayeijua historia hiyo hawezi kuwacheka kwa kulisikia neno lile na kushtuka.

Kwa hiyo hofu yenu siibishi. Ninachokibisha ni chombo mlichokichagua.

Tazameni kwanza wavu wenu ulileta nini ufuoni. Chunga kura: raia anayewahimiza wenzake wachunge kura anatekeleza wajibu ambao vyama huwalipa mawakala wautekeleze vituoni. Maneno hayo yanakuwa hatari yakisemwa na kijana mwenye panga mlangoni mwa kituo, na hapo tatizo ni panga na mlango. Hatupangwingwi: chanzo chake ni wimbo wa Exray, Trio Mio na Ssaru wa 2021, ulioimbwa kwenye matatu na sherehe za nchi nzima kabla haujageuka kaulimbiu ya mrengo wa Kenya Kwanza. Maana yake ni kwamba hatukubali kupangiwa na mtu. Mtu anaweza kuuchukia mrengo ulioitumia, lakini kuiweka kauli hiyo safu moja na miito ya kuchinjana ni kuufanya ubishi wa kisiasa kuwa jinai. Watajua hawajui nayo ni kejeli inayorushwa na mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards, na mabibi arusi vilevile, bila mtu kumwaga damu.

Sasa njooni kwetu Pwani. Neno wakuja lina umri mkubwa kuliko sisi sote. Barazani, kwenye kahawa chungu na kashata, utalisikia likisemwa kwa utani na mtu anayeketi na huyo huyo mkuja, wamepakana ukuta kwa miaka, na mkuja naye anajibu kwa utani wake kuhusu uvivu wa wenyeji. Neno hilo hilo, na ndugu yake wabara, yalitumika kwa maana nyingine mwaka 1997. Kabla ya Agosti 13, siku kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa, vilikwishasambazwa vikaratasi vya kuwataka watu wa bara waondoke. Waliosoma vikaratasi vile hawakuhitaji kamusi. Walijua nani kaviandika, walijua uchaguzi uko karibu, walijua vijana wameonekana msituni. Watu wakauawa, na maelfu wakafungasha virago. Neno halikubadilika hata herufi moja kati ya baraza na kikaratasi. Kilichobadilika ni msemaji, wasikilizaji na saa.

Orodha haiwezi kuyaona hayo matatu. Inaona herufi tu. Kwa hiyo inamkamata mzee wa barazani, na mwandishi wa vikaratasi inamwacha aende zake, kwa sababu yeye ameisoma orodha na ameshabadilisha msamiati.

Naam, ameisoma. Orodha inayotangazwa hadharani humfikia mchochezi kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndiye mwenye haja nayo. Inampa ramani ya njia zilizowekwa vizuizi. Siku inayofuata anaandika neno kwa kutia tarakimu mahali pa irabu, au analikata kwa nukta, au analiacha kabisa na kuweka emoji ya mdudu. Akitaka usalama zaidi anarudi kwenye lugha ya shamba. Katika Bonde la Ufa watu walihimizwa kung'oa magugu, kauli ambayo ninyi wenyewe mliitia katika waraka kwa Kikalenjin chake. Lakini ukiacha kung'oa magugu kuna kufyeka, kuna kupalilia, kuna kusafisha shamba, kuna kupuliza dawa. Mtaorodhesha jembe lini?

Wapo waliojaribu kabla yenu, wakiwa na nguvu kuliko zenu. Serikali ya Uchina ina uwezo wa kufuta neno kwenye mitandao yote ya nchi kwa saa chache. Ilipofuta tarehe ya mauaji ya Tiananmen, Juni 4, watu wakaandika Mei 35. Wanawake waliposimulia unyanyasaji wa kingono mwaka 2018 na kauli ya MeToo ikabanwa, waliweka picha ya bakuli la wali na sungura, kwa sababu wali na sungura kwa Kichina husikika mi tu. Mei 2021, wakati wa mzozo wa mtaa wa Sheikh Jarrah, Jerusalem, waandishi wa Kiarabu walioona machapisho yao kuhusu Palestina yanatoweka Facebook na Instagram waliandika Kiarabu bila nukta, kama kilivyoandikwa karne za mwanzo za Uislamu. Msomaji alisoma bila taabu na mashine ikaona michirizi. Kwa Kiingereza vijana wa TikTok hawasemi mtu kajiua. Wamebuni kitenzi chao, unalive, na kimeshavuka simu kikaingia katika insha za shule.

Katika mifano hiyo hakuna mchochezi hata mmoja. Wamo waombolezaji, wamo wanawake waliodhulumiwa, wamo vijana wanaozungumzia huzuni zao. Mbinu ni ile ile anayoitumia mwenye chuki. Anayetaka kumnasa mmoja kwa kuitazama mbinu peke yake atawanasa wote, na wenye chuki ndio watakaokuwa wepesi zaidi kuponyoka.

Na fumbo ni kazi ambayo Waswahili tumekomaa nayo. Mke aliyekerwa na jirani hamtukani. Anajifunga kanga yenye jina na kupita mlangoni pake. Watunzi wa taarabu wamekula na kuvaa kwa kumsema mtu bila kumtaja. Watoto wa mwambao wamesemezana kinyume mbele ya wakubwa wao, wakigeuza silabi za maneno, na Sheng ya Eastlands ilikomaa kwa raha ile ile ya kumwacha mzazi nje ya mazungumzo. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mjinga wa methali hiyo leo ni mashine ya kuchuja maudhui. Haina jirani, haikuwapo Likoni, na haijui kanga ya jana ilimjibu nani.

Kiswahili chenyewe kinaitesa mashine hiyo hata pasipo fumbo. Kitenzi cha kutoa uhai ni herufi mbili zinazojificha ndani ya wataniua, tuliuana na hawakumuua, na herufi hizo hizo ni ua la waridi na ua wa nyumba. Mtu akiandika kwamba njaa inamuua au kwamba mchekeshaji fulani kamuua kwa kicheko, hakuna maiti. Mashine iliyofundishwa kwa Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo itafuta kicheko na kupitisha tishio.

Hili halihitaji kukisiwa, maana ushahidi mliupata mezani kwenu. Julai 2022, siku chache kabla ya kura, shirika la Global Witness pamoja na Foxglove waliijaribu Facebook. Walichukua kauli za chuki zilizowahi kutumika Kenya tangu 2007, wakaomba zichapishwe kama matangazo ya kulipiwa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kisha wakayaondoa kabla hayajamfikia mtu. Kulikuwa na miito ya kubaka, kuchinja na kukata vichwa. Ya Kiswahili yalipita. Machache ya Kiingereza yalirudishwa kwanza, na sababu iliyotolewa ilikuwa sarufi na lugha chafu. Yaliponyooshwa sarufi yakapita nayo. Matangazo yale hayakuwa na fumbo lolote. Yalikuwa wazi kama mchana wa Januari. Mashine iliyoshindwa kuona chinja itaonaje madoadoa?

Mwezi uliotangulia, mtafiti Odanga Madung wa Wakfu wa Mozilla alikuwa ameonyesha hali ya TikTok: video zaidi ya 130 kutoka akaunti 33, zenye chuki, uchochezi na uzushi kuhusu uchaguzi, zilizokuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni nne. Baadhi zilifufua picha na hofu za 2007.

Ninyi mlifanya jambo la ujasiri baada ya ripoti ya Facebook. Mliipa Meta, kampuni yenye Facebook, siku saba ijirekebishe au ifungiwe nchini. Mawaziri wa Usalama wa Ndani na wa Mawasiliano wakawageuka hadharani, wakasema hakuna mtandao utakaofungwa, na siku saba zikapita kama siku nyingine. Sikuwahi kutaka Facebook ifungwe. Kuzima mtandao wakati wa uchaguzi ni kuwanyima raia taarifa saa wanapozihitaji zaidi, na majirani zetu wa Uganda walilionja hilo Januari 2021. Lakini mlikuwa mmeshika shina la tatizo, mkaliachia mkarudi kwenye matawi, yaani maneno.

Shina hilo lilikuwa Nairobi, kwenye majengo yanayopakana na barabara ya Mombasa. Kwa miaka kadhaa wachujaji wa maudhui ya Facebook kwa sehemu kubwa ya Afrika waliketi katika ofisi za kampuni ya Sama, wakisoma na kutazama kwa lugha zao yale ambayo mashine haikuyaelewa. Hawa ndio werevu wa methali. Mwamhara aligangua Kiamhara, Msomali Kisomali, na Mswahili akajua lini wakuja ni utani. Tuliwatendea nini? Mei 2022 Daniel Motaung, aliyefukuzwa baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki, aliishtaki Meta na Sama katika mahakama zetu. Januari 2023 Sama ikatangaza kuiacha kazi hiyo, na wachujaji zaidi ya 180 wakaenda mahakamani kupinga kuachishwa. Mei Mosi mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Meta ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa dai hilo. Desemba 2024 ripoti ya daktari mkuu wa afya ya akili wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta iliyowasilishwa mahakamani ilionyesha kuwa zaidi ya 140 kati yao wanaugua maradhi ya msongo unaofuata kiwewe.

Tume ya utangamano ingepaswa kuwa ya kwanza kusimama na watu hao. Wao walikuwa ukuta kati yetu na video za watu wakikatwa mapanga. Waliulinda uwiano wa nchi hii kuliko waraka wowote, kwa ujira mdogo, na sehemu kubwa ya Wakenya haikujua kama wapo.

Gharama ya kukosa wasomaji kama hao majirani zetu wameilipa. Novemba 2021 Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake baada ya machapisho ya Facebook kumtaja kwa jina, kuonyesha picha yake na kumzushia. Mwanawe anasema aliyaripoti machapisho hayo mara kwa mara bila kusikilizwa. Kesi yake dhidi ya Meta iko Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba inaweza kuisikiliza.

Sasa niwapeleke Arusha, kwa sababu huko swali la fumbo liliulizwa kisheria na likajibiwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Miongoni mwa makosa yake ni kuchochea mauaji ya kimbari moja kwa moja na hadharani. Mawakili wanajua ugumu uliokuwapo: katika mkutano wa Gishyeshye mwezi Aprili 1994 aliuhimiza umati ummalize adui, mshirika wa Inkotanyi, na Inkotanyi kwa maana ya kawaida walikuwa wapiganaji wa jeshi la waasi la RPF. Mahakama ilimsikiliza mtaalamu wa Kinyarwanda. Ikapima maneno hayo yalivyosikika kwa wakulima wa Taba katika wiki zile, ikaridhika kwamba walielewa ni wito wa kuwaua Watutsi. Kipimo ilichokiacha ni hiki: uchochezi hupimwa kwa utamaduni na lugha ya mahali, na swali ni kama waliokusudiwa kuusikia ujumbe waliielewa maana yake pale pale. Redio RTLM ya Rwanda nayo iliwahimiza wasikilizaji waende kazini, na walioshika mapanga walijua kazi gani. Neno kazi lingeingizwaje katika orodha?

Kipimo hicho hakitupi shida ya kubadili sheria zetu. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambacho ndicho silaha yenu, kinamtia hatiani mtu aliyekusudia kuchochea chuki ya kikabila, au ambaye maneno yake, yakitazamwa pamoja na hali zote zilizopo, yanaelekea kuichochea. Bunge lilisema hali zote. Adhabu yake ni faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Adhabu nzito namna hiyo haitundikwi kwenye neno lililonyofolewa mahali pake. Afisa anayekamata kwa sababu tu neno limo orodhani atashindwa mahakamani, na ni haki ashindwe.

Mtaniuliza: bila orodha, afisa wa polisi Kericho au Kwale ataanzia wapi? Hilo ni swali la haki, na nina jibu lililokwisha kujaribiwa hapa hapa. Kuanzia 2012, kuelekea uchaguzi wa 2013, watafiti wa mashirika ya iHub na Ushahidi waliendesha mradi wa Umati. Waliwaketisha wasomaji wenye lugha zao, Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya, Kikalenjin na Kisomali pamoja na Kiingereza, wakapekua kurasa za wazi siku hadi siku. Hawakuuliza neno gani limetumika. Wakifuata kazi ya Susan Benesch kuhusu usemi wa hatari, waliuliza msemaji ana ushawishi gani, wasikilizaji wana hofu gani, maneno yanawaita watende nini, historia ya mahali ikoje, na yamepitia njia gani. Kisha wakaigawa kauli kwa uzito, kuanzia ya kuudhi hadi ya hatari kubwa. Kwa mgawanyo huo tusi la kawaida hutengwa na kauli inayoweza kuua. Orodha ya ndani, inayobadilika kila wiki, yenye maelezo ya nani analitumia neno na wapi, ni kitendea kazi kizuri mikononi mwa msomaji wa aina hiyo. Ikitangazwa redioni kama amri inaharibika siku hiyo hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kuwasihi, na ndiyo nzito kuliko zote. Fumbo ni ngao ya mnyonge. Juni 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha walimwita Rais Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Injili, na taifa zima likacheka na kuelewa. Miezi iliyofuata, waliochora na kuchapisha kejeli dhidi ya wakubwa walitekwa na watu waliofunika nyuso. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikufa mikononi mwa polisi Nairobi baada ya kukamatwa kwa chapisho la mtandaoni kuhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Ng'ambo ya Lungalunga, Watanzania wamekuwa wakisema watu wasiojulikana, na kila asikiaye anajua swali linaloulizwa ndani ya kauli hiyo. Katika nchi ambamo kusema wazi kunaweza kukugharimu maisha, watu watasema kwa mafumbo, na si haki serikali iliyowafikisha hapo iwanyang'anye na mafumbo.

Orodha ya maneno yaliyokatazwa ni mzinga ulio tayari. Leo limo madoadoa, na sote tunaafiki. Kesho serikali yoyote, hii au ijayo, itaona Zakayo inavuruga utangamano. Hatupangwingwi ilipoingia, mpaka ulikuwa umekwisha kuvukwa. Katiba yetu, Ibara ya 33, inawanyima kinga wanaochochea vita, ghasia na chuki. Haikumnyima kinga mwenye dhihaka.

Basi naomba haya manne.

Kwanza, tangazeni sasa kwamba hakutakuwa na orodha ya hadharani ya 2027, na kwamba kila mashtaka chini ya kifungu cha 13 yatataja msemaji, hadhira, mahali na wakati, mbali na neno.

Pili, unganeni na vyuo vikuu, vituo vya redio za lugha za mama na mashirika yaliyobaki na ujuzi wa Umati, mwajiri wasomaji katika kaunti kabla kampeni hazijapamba moto. Mombasa mtamkuta mtu wa Likoni aliyekuwapo 1997. Uasin Gishu mtamkuta aliyezika jamaa zake Kiambaa. Walipeni, na muwawekee washauri wa afya ya akili, maana tumeshaona kazi hiyo inavyomla mtu.

Tatu, lishaurini Bunge liyalazimishe makampuni ya mitandao yatangaze kila mwaka yana wachujaji wangapi wa Kiswahili, Sheng, Kisomali na lugha zetu nyingine kubwa, wako wapi na wanafanya kazi kwa masharti gani. Umoja wa Ulaya umeshafanya hivyo: Sheria yake ya Huduma za Kidijitali inayataka majukwaa makubwa yaeleze nguvu kazi yao ya uchujaji kwa kila lugha rasmi ya Umoja. Kimalta, chenye wasemaji kama nusu milioni, kinahesabiwa. Kiswahili, ambacho UNESCO inakadiria kina wasemaji zaidi ya milioni 200, hakimo katika hesabu hiyo. Mkilipata hilo, mtakuwa mmewafanyia hisani Tanzania, Uganda na mashariki ya Kongo pia.

Nne, wafuateni wanaolipa. Uchochezi wa mtandaoni nchini mwetu una mafundi wa kukodiwa, wenye akaunti nyingi na mteja nyuma yao. Kijana aliyeandika neno moja kwa hasira ni rahisi kukamatwa, na ndiyo maana hukamatwa. Mteja wake ndiye aliyefungua mfuko.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Kamati ya Bunge inayosimamia uwiano wa kitaifa, na nitaomba jibu lenu la maandishi kuhusu ombi la kwanza kabla kipindi cha kampeni hakijatangazwa. Mkisema orodha itakuwapo, nitataka kujua ni neno gani lililomo katika ile ya 2022 liliwasaidia kumtia mtu hatiani na kuokoa maisha. Likiwapo hata moja, nitaiondoa hoja yangu hadharani.

Wenu katika utangamano,

Mhariri wa Kiswahili,
Mombasa